Mgonjwa Jaribio

Asubuhi hii Mgonjwa Jaribio amekufa mara tatu.
Mara ya kwanza Bupe alimpa penisilini,
na faili lake linasema, kwa maandishi mekundu, haipatani naye.
Mara ya pili ilikuwa nukta iliyoruka.
Ya tatu hatujui; umeme ulikatika,
na tulipoulizana nani ametuma agizo,
wote walikuwa wametuma.
Hakuna aliyelia. Tumecheka, tumemfufua, tumekunywa chai.
Ndiyo kazi niliyomletea: afe yeye.

Nje Tukuyu inanyesha kwa desturi yake,
mvua isiyoanza kwa kuwa haikuwahi kuisha.
Chumba hiki kilikuwa stoo ya majokofu ya chanjo:
kompyuta nne, kipanya kimoja kimefungwa plasta,
na Mama Sikitu, miaka ishirini na minane kwenye daftari la kurasa pana,
anaigusa kibodi kama anayepima joto la mtoto.
"Mwanangu, mashine hii inanijua?"
Haikujui, mama. Hapo ndipo pa kuanzia.
Inajua kidole tu.

Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi
hawakuwahi kushika kipanya.

Nitawaambia langu, maana ninafundisha kwa deni.
Mwaka juzi, Jumatatu, foleni imefika hadi kwenye bomba la maji,
alikuja bibi na mjukuu kutoka Kyela, kwenye joto na mpunga,
mtoto mgongoni, anachemka, macho yamegeuka.
Kwetu jina hurithiwa: bibi, Tumpale Mwaisumo;
mjukuu, Tumpale Mwaisumo.
Tabibu akatamka sindano, nikatafuta jina, nikabofya la juu.
Dirisha la njano likafunguka: Majina yanafanana. Hakiki.
Nilishaliona mara arobaini tangu asubuhi, dirisha lile,
nikilifunga kama mtu anayefukuza nzi.
Endelea.
Mashine ikapiga hesabu yake, haikukosea hata chembe:
kilo hamsini na mbili, miligramu mia moja ishirini na tano.
Hesabu sahihi ya mtu mwingine.

Lusajo wa dirisha la dawa alisoma, akainua macho,
akamtazama mtoto wa kilo kumi na nne.
Akauliza polepole, bila kejeli,
"Sista, huyu ndiye wa miaka sabini na mmoja?"

Yule mtoto yuko darasa la kwanza sasa.
Bibi hunisalimia sokoni, hunipa ndizi.
Hajui.

Basi, Tusekile, usimtajie mgonjwa jina lake ili aitikie;
mwenye homa huitikia jina lolote.
Muulize, akutajie mwenyewe. Kisha alizaliwa lini,
na kama hakumbuki, kadi ipo, au aliyemleta yupo.
Neno la siri si chumvi, jirani aombe umpunguzie.
Na umeme ukikatika katikati ya agizo
usikisie, usitume tena: nenda kwa miguu,
dirisha la dawa ni hatua thelathini, nimezihesabu.

Mama Sikitu alikulia kwenye mashamba ya chai.
Amekaa kimya muda mrefu, kisha akasema,
"Kumbe ni kuchuma. Majani mawili na chipukizi.
Jicho kwanza, kidole baadaye.
Ukivuta kwa mazoea kapu litajaa,
halafu mwenye mizani alimwage mbele ya watu."
Hilo sikuwa nalo kwenye slaidi zangu.

Umeme umerudi. Mgonjwa Jaribio amefufuka tena,
mwanamume, miaka thelathini na sita, kilo sitini, hana ndugu.
Dirisha la njano limefunguka.
Mama Sikitu ameondoa mkono kwenye kipanya,
ameuweka mapajani.
Anasoma. Midomo inatembea.
Huko nje foleni inakohoa.
Tunamsubiri.