Awamu ya Thelathini na Moja

Leo nimenunua kioo cha kushoto.
Ndivyo ninavyohesabu, usinicheke:
mwezi wa kwanza nilinunua honi,
wa pili usukani, wa tatu kiti
kilichopasukia chini ya mapaja ya watu nisiowajua.
Tairi za mbele zilinila Krismasi mbili.
Injini nimeiweka mwisho,
kama mtoto anavyosogeza nyama kando ya sahani.

Tumeegesha Lunga Lunga, nyuma ya ghala la sabuni,
na mvua ya huku hunyesha na harufu yake.
Kasiva amekaa kwenye kiti cha utingo,
mkebe wa biskuti mapajani, umejaa risiti.
Analamba kidole, anahesabu.
"Zimebaki kumi na saba," anasema,
kama mjamzito anayetaja majuma.

Miaka tisa niliendesha la tajiri.
Alininusa dizeli mikononi kila nikirudi,
na pesa za safari alinipa zimekunjwa
nisizihesabu mbele yake.
Benki nilikwenda na shati lililopigwa pasi.
Yule kijana akauliza hatimiliki, akauliza hati ya mshahara,
mwisho akauliza nina nini.
Nina barabara, nilitaka kusema.
Nalijua kila shimo toka Mlolongo hadi Malaba.
Akanipa peremende, nikaenda zangu.

Basi walipokuja hawa na kurasa zao ishirini na mbili,
na kalamu wakaniambia nibaki nayo,
nilitia sahihi kabla chai haijapoa.
Kodi leo, miliki kesho.
Wala si uongo, na hilo nalisema pia.
Asubuhi ile nilipotoka lango la bandari kavu, Embakasi,
hakuna aliyenipigia simu kuniuliza uko wapi.
Mzigo niliuchagua mwenyewe.
Na Mwikali wetu, kwenye fomu ya shule,
penye kazi ya baba, akaandika: mwenye lori.
Mwalimu hakusahihisha.
Nami sikusahihisha.

Ila ukurasa wa kumi na nne, herufi kama sisimizi:
likiharibika ni langu,
likitembea ni lao.
Giaboksi ilipovunjika Februari nilishuka Grogan,
nikanunua nyingine kwa ada ya muhula mzima,
nikaifunga kwa mikono hii hii.
Kumbe, mtu anayejua sheria alinieleza,
nimewapa zawadi.

Tena kuna kile kidude chini ya dashibodi,
chekundu, kinapepesa hata wewe ukilala.
Julai nilichelewa siku tatu.
Likanizimikia penye daraja la Cabanas, saa kumi na mbili jioni,
Barabara nzima ya Mombasa nyuma yangu ikinitukania mama.
Mtu ofisini, simjui jina, alibonyeza kitu
akaendelea kula andazi lake.

Nthenge alifika awamu ya arobaini na nne.
Arobaini na nne! Alishanunua hadi rangi ya kuandikia jina.
Figo zikamlaza. Wakaja alfajiri, wakalivuta,
wakamwachia turubai na jeki.
Wamalwa yeye alimaliza. Aliitwa, akapigwa picha,
akapewa logibuku na kipande cha keki.
Mwezi uliofuata injini ilipasuka mlimani.
Sasa kuku wanatagia ndani ya kichwa cha lori, kwao Webuye,
lakini logibuku ameitundika ukutani,
na ukimtembelea atakuonyesha hiyo kabla hujaketi.

Vijana huniuliza: nami nitie sahihi?
Nawaambia, soma ukurasa wa kumi na nne.
Weka akiba ya giaboksi kabla ya akiba ya harusi.
Kisha naona wanavyolitazama lori,
mkono mmoja tayari juu ya bonati,
na najua hawajanisikia,
kama mimi nisivyosikia.

Kasiva amefunga mkebe.
"Mwezi ujao tunanunua nini?"
Wipa, namwambia. Hiyo ya upande wako.
Anaitazama, kioo kikilia maji.
"Hii haifanyi kazi."
Najua.