Laki na Ishirini

Nilirudisha funguo tatu tarehe mosi:
ya geti, ya mlango, na ya choo cha nje.
Mzee Elingaya akazipokea kwa mikono miwili
kama anayepewa kitoto abebe,
akanizungusha chumbani na tochi, mchana kweupe.

"Msumari huu?"
Wa kalenda, mzee.
"Na hili doa?"
La mvua. Nilikuambia tangu masika ya mwaka juzi.
"Luva hii?"
Niliikuta hivyo hivyo, na selotepu yake.
Akaguna. Akahesabu vidole
bila kusema anahesabu nini.

Amana yangu ilikuwa noti kumi na mbili za elfu kumi kumi.
Nilimpa mkononi siku nilipoingia Pasua
na godoro juu ya mkokoteni, Niwaeli mgongoni.
Hatukuandikiana.
Kumwomba mtu mzima risiti, nilidhani,
ni kumwita mwizi mapema.

"Njoo Jumatatu."
Jumatatu amepanda Kibosho, kuna msiba.
Jumatatu ya pili msiba umekwisha,
sasa ndugu wanagawana kihamba.
Ya tatu nikamkuta, amekalia kreti ya soda,
akaniuliza Niwaeli amekuwa wa ngapi darasani,
akaniuliza biashara, akaniuliza mguu wa mama,
nami nikajibu, nikajibu,
nikatafuna adabu mpaka ikaisha utamu,
nikarudi Rau na chane mbili za ndizi.
Ndizi hazilipi ada.

Mlima nao siku zile ulikuwa na tabia yake:
alfajiri uko wazi wote, unaahidi,
saa tatu ukiinua macho umeshajifunika shuka.

Wiki ya tano akasema, akiutazama mlango:
"Mama Niwaeli, ile pesa haipo.
Ya kwako nilimpa yule fundi redio aliyetoka kabla yako.
Ya kwako itatoka kwa atakayeingia.
Niletee mpangaji."

Basi nikawa dalali wa chumba nilichokikimbia.
Pale Memorial, katikati ya marobota ya mitumba,
kila aliyejaribu sweta nilimuuliza amepanga wapi.
Nikakisifu. Mungu anisamehe, nikakisifu:
maji yapo (sikutaja saa),
majirani wacha Mungu (sikutaja spika),
Luku ya peke yako, na hilo ni kweli.
Doa nililiita kivuli.

Akaja Paskalina, mtu wa Mbulu,
muuza dawa kwenye famasi ya karibu na stendi,
begi moja, jiko dogo la gesi, ndoo mpya yenye lebo.
Akasimama paleee niliposimama mimi,
akalamba kidole, akahesabu.
Kumi na mbili.
Mzee akazipokea kwa mikono miwili,
akageuka, hatua moja tu,
akanipa.
Zilikuwa bado na joto la mkoba wake.

Ningeondoka. Bodaboda alikuwa ananisubiri getini, anapiga honi.
Nikachana ukurasa wa daftari langu la wanaonidai na ninaowadai,
nikaandika huku nimeegemea ukuta:
msumari mmoja, kushoto,
luva moja, ina selotepu,
amana laki na ishirini, imepokelewa leo,
doa la mvua, darini, juu ya kitanda.

Mzee akasaini polepole, ulimi nje,
hakusema neno. Nadhani alipumua.
Paskalina akasoma hadi mstari wa mwisho
ndipo akainua macho juu kwa mara ya kwanza.

"Dada, kwani hapa panavuja?"

Kitanda kisogeze huku, nikamwambia,
nikamwonyesha kwa ncha ya kiatu:
kwenye saruji, alama nne za kitanda changu
zilikuwa hazijafutika.