Kuvuja kwa Waya

Igombe, saa kumi na mbili kasorobo.
Mvua imekoma, mabati bado yanahesabu matone.
Kiwanda cha barafu kimenyamaza
na Lutonja, mwenye tani mbili za sangara,
anazunguka chumba cha swichi kama kuku anayetafuta pa kutagia.
"Washa, fundi. Jana ilikuwa inawaka."

Jana haipimiki.

Nimeshusha swichi kuu, nimetia kufuli.
Ufunguo umo ndani ya soksi,
maana mfukoni niliwahi kubembelezwa nikautoa.
Nimejaribu kama umeme upo. Haupo.
Nimejaribu tena,
kwa kuwa marehemu Bujiku alijaribu mara moja.

Ncha tatu huku ubaoni, ncha tatu kule kwenye pampu ya ziwani,
zote nimezifungua, nimezitenga
kama ndugu wanaogombea shamba:
nyekundu isiiguse njano,
njano isiiguse buluu,
na ardhi isiguswe na yeyote.

Mega yangu ni ya kuzungusha kwa mkono.
Volti mia tano,
si za kukomoa, ni za kuhoji:
ngozi yako ingali nzima?

Nyekundu na njano. Dakika moja kamili.
Sindano inapanda polepole, kama mjamzito anayepanda mlima wa Bugando,
mia mbili, inapumzika, mia mbili na kumi, inatulia.
Njano na buluu, vivyo hivyo.
Buluu na ardhi

haikutoka hata mlangoni.
Sifuri nukta tatu.

Kuvuja kwa pakacha, wanasema, ni nafuu ya mchukuzi.
Kuvuja kwa waya ni nafuu ya nani?
Si ya Nyanjige, anayeosha kreti peku,
maji yakimfika vifundoni tangu alfajiri.

"Nipe karatasi tu," anasema Lutonja, "namba utajaza baadaye."
Pochi imekwisha kufunguka.
Nikatazama nje, magugu maji yamesogea usiku kucha
yameziba mdomo wa bomba.
Ukinzani, kitabu kinasema, ni kihami kuuzuia mkondo.
Mimi naona ni kukataa tu,
ila kukataa kwa dakika nzima;
sekunde ya kwanza kila waya hukataa.

Tukachimba.
Vijana wawili, jembe moja, sururu moja,
mchanga mweusi, magamba ya konokono, kandambili ya mtoto,
na mita arobaini na mbili kutoka ubaoni, kiungo.
Kimeviringishwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli,
juu yake mfuko wa nailoni,
juu yake kamba iliyofungwa kwa kuzungushwa kinyume.

Fundo hilo nalijua.
Hapa pwani hakuna fundi mwingine wa mkono wa kushoto.

Miaka tisa. Kazi yangu ya kwanza bila Bujiku.
Vifaa vya kiungo vilikuwa mjini, nauli ilikuwa imekwisha,
nikasema moyoni: itashika mpaka Jumatatu.

"Mshenzi gani alifanya hivi?" akauliza Lutonja.
Niliinua mkono wa kushoto,
koleo bado imo ndani yake.

Hakucheka. Alipiga simu Kirumba kuagiza barafu ya lori,
akaniambia siku yangu ya leo hailipwi.
Nyanjige alipita na ndoo, akatuangalia shimoni
kama mtu anayeangalia kaburi la jirani,
akaenda.

Usiku, kwa tochi, kiungo kipya kikiwa bado kina joto,
nikazungusha tena. Buluu na ardhi: mia moja na tisini.
Waya mzima ukishahojiwa hubaki na chaji tumboni;
anayeondoka haraka humpata.
Nikaugusisha ardhi. Ukatoa cheche moja, ndogo,
ya bluu, nikasubiri hata baada yake.

Kisha karatasi: tarehe, volti, dakika, megaohmu, sahihi.
Chini kuna mstari wa maelezo ambao huwa nauacha wazi.
Nikaandika, wino ukitawanyika kwa unyevu:
kiungo cha zamani kilikuwa changu.