Mamboleo, Zamu ya Usiku

Saa mbili kasorobo stima ilipotea,
si mtaa, si mji: nchi nzima kwa mkupuo mmoja.
Mishale yote ukutani ikalala kwenye sifuri
na kile kivumo cha transfoma, ambacho kwa miaka kumi na moja
sikujua ninakisikia,
kikanyamaza.

Watu hudhani ni kama mshumaa: unawasha, basi.
Kumbe mtambo nao huomba umeme ndipo uzae umeme,
kama benki isiyomkopesha ila mwenye nacho.
Maji tu ndiyo hayadai sana.
Kule Sondu, Kisia alifungua lango kwa mkono,
mto ukasukuma gurudumu moja,
naye akanipigia: "Rispa, ninayo. Ni kidogo. Ipokee polepole."

Sikuipokea polepole.
Simu zilikuwa zinalia, meneja, diwani, mwenye hoteli Milimani.
Nikaifungulia Kondele yote.
Nilisahau kwamba hakuna aliyezima kitu:
pasi juu ya shati, friji za samaki, mashine ya unga ya Mama Nerea,
kila televisheni iliyokatwa katikati ya neno,
vyote vikafumbua kinywa pamoja.
Hamsini. Arobaini na nane. Arobaini na sita.
Sifuri.
Dirishani nikasikia mji ukisema "Aaa!" kwa sauti moja.

Kisia hakunilaumu. Alikohoa tu, akasema,
"Mto bado upo."

Mara ya pili nikawa kama anayemlisha mgonjwa uji.
Russia kwanza, wodi ya watoto njiti.
Pampu za maji, Dunga. Ngoja.
Mshale utetemeke, utulie.
Nusu ya Nyalenda. Ngoja.
Saa saba Muhoroni wakaamka, tukawaunga nasi,
pigo kwa pigo, kama wawili wanaotwanga kinu kimoja:
ukikosea, mchi hugonga mchi.
Robo ya Kondele. Robo nyingine.

Migosi, kwangu, nikaiacha ya mwisho.
Mwanangu alikuwa amepiga simu mara tatu.
"Mama, si wewe ndiye mwenye swichi?"

Nilifika nyumbani kumepambazuka.
Wamelala. Taa ya sebuleni inawaka,
hakuna aliyekumbuka.
Nikasimama chini yake, viatu mguuni,
nikaisikiliza kidogo,
kisha nikaizima.