Sifuri ya Tarehe Kumi na Moja

Biro yangu iko chini ya ngazi za maktaba,
pale zamani palipowekwa mafagio.
Mlangoni nimebandika karatasi: HUDUMA YA DATA.
Wengi hugonga kuuliza kama nauza mega.

Cirhuza hakugonga. Aliingia na matope ya Kadutu viatuni,
flashi ikining'inia shingoni kama msalaba,
na kaye tatu zilizovimba kwa mvua.
Miezi kumi na minne amepima nyufa za mlima
kwa kamba, kijiti, na rula ya dada yake.
"Nataka tu mahali pa kuweka," akasema.
"Profesa anasema nisipoweka sitetei."

Nikafungua. Safu baada ya safu.
"Hii X2 ni nini?"
"Mama, mimi naijua."
"Najua unaijua. Nauliza kwa siku ambayo haupo."
Akatazama dari. Hapa Bukavu
hakuna anayelipenda swali hilo,
hata likihusu safu ya jedwali.

X2: upana wa ufa, kwa milimita,
hupimwa asubuhi, kabla akina mama hawajamwaga maji ya kufulia.
Hilo la maji nalo tukaliandika.

Kisha majina. Kila ufa aliuita kwa mwenye nyumba:
Kwa fundi Ntaboba. Kwa M'Cishugi, karibu na bomba.
Nikamwambia, haya hayatoki nje.
Wapo watakaosoma mlima,
wapo watakaosoma bei ya kiwanja.
"Basi M'Cishugi awe nani?"
"N-07."
Akacheka, kicheko kisicho na meno.
"Miaka arobaini ameishi pale,
leo unamfanya chumba cha hoteli."
Sikuwa na jibu. Majina na namba zake
niliyanakili kwa mkono, nikayafungia drooni,
ufunguo nikautia kwenye pete moja na ule wa nyumbani.

Umeme ukaenda. Ukarudi. Ukaenda tena.
Tukahesabu sifuri kwa mwanga wa simu.
Zilikuwa tisa.
"Siku hizi ufa haukusogea?"
"Siku hizi sikwenda. Malaria. Matanga.
Mara mbili barabara ilifungwa."
"Basi hizo si sifuri. Sifuri ni kipimo:
ulikwenda, ukapiga magoti, ukakuta ufa umelala.
Usipokwenda, acha wazi.
Kunyamaza ni kitu kimoja, kusema 'hakuna' ni kingine."

Akafuta moja, akafuta nyingine. Kidole kikasimama.
Tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu,
mstari wa N-07.

Nilingoja. Juu yetu mtu aliburuta kiti.

"Siku ile," akasema, "nilikuwa nachimba."
Kwa bati. Kwa sinia. Kwa mikono.
Siku mlima ulipotembea kuliko siku zote,
jedwali letu linaapa haukutikisika.

Angeweza kukisia: mita nne, labda sita.
Hakukisia. Seli tukaiacha tupu,
na kwenye faili la maelezo akaandika mwenyewe:
*Hakuna kipimo. Mpimaji alikuwa anachimba.*
Nilitaka kurekebisha. Kanuni zetu hazisemi hivyo.
Mkono ukakataa.

Faili likaanza kupanda. Asilimia themanini na tatu,
likasimama, kama mbeba mzigo anayebadilisha bega,
likaendelea.

Sasa umepita mwaka. Cirhuza yuko Uvira, anafundisha hesabu.
Mtambo unasema faili limefunguliwa mara moja tu.
Ni mimi, mwezi wa kwanza, nikihakiki kama bado linafunguka.
Linafunguka.

Jana nilichelewa kutoka, mtaa wote giza.
Ufunguo ukagoma kwenye kufuli ya nyumbani,
nikausukuma, nikaulaani, nikaupapasa meno:
ulikuwa ule wa droo.
Nikabaki nimesimama nje ya mlango wangu,
nyumba ya M'Cishugi mkononi.