Mjukuu wa Kila Juni

Usiku ule suruali yangu ilikuwa fupi.
Mshonaji wa Mtaa wa Parade alinipima mara mbili,
akaandika namba, akaifuta,
akasema hakuna mguu wa urefu huu, utepe umekosea.
Basi nikapanda jukwaani vifundo vi wazi
kama mtoto aliyerefuka katikati ya muhula.

Niliitwa wa tano.
Asukulu Mmunga: kamishna alilitafuna jina
taratibu, kama anayeogopa miiba ya samaki,
na mama, ndani ya koti la kuazima,
kitenge kikichungulia chini,
hakuuliza ni timu gani.
Aliuliza: "Huko nako kuna theluji kama Erie?"

Nyuma ya pazia nilimkuta Dorian Pelletier,
kijana wa Sudbury, mwembamba, masikio mekundu.
Alikuwa amekaa mezani muda wote ule hajaitwa,
barafu imeyeyuka yote kwenye glasi yake.
Nilimhurumia.
Niamini, mimi nilimhurumia yeye!
Nikampa pipi ya mnanaa.
Alipoitwa wa kumi na tisa, bado alikuwa akiimung'unya.

Leo jezi ya Pelletier imetundikwa juu darini,
haivaliwi na mtu tena.
Yangu ni ovaroli, jina limeshonwa kifuani,
natengeneza boila za watu ziwa linapoganda.

Kila Juni wanachagua upya.
Wanakaa na kalamu zao
na miaka kumi na minne waliyokwisha kuiona,
wanampandisha Pelletier awe wa kwanza,
wa thelathini na nane wanamvuta hadi wa tatu,
yule mlinzi wa Tulsa aliyelia kwenye maikrofoni, wa sita,
na mimi wananitafutia mahali, hawapaoni.
Nashuka chini ya thelathini, chini ya sitini,
nachuruzika nje ya karatasi.
Werevu ulioje, wa kuitabiri jana!

Majuto ni mjukuu, husema mama.
Lakini huyu si mjukuu wangu.
Wamemzaa wengine, wamemnenepesha kwa takwimu,
na kila Juni wananiletea mlangoni
nimlishe.

Januari hii, chumba cha chini cha Bwana Gorniak.
Alinishikia tochi.
Akanitazama, akatazama dari nililoliinamia,
akanitazama tena.
"Wewe ni yule."
"Ndiye."
Pampu ikakohoa.
"Tungemchukua Pelletier," akasema.
*Tungemchukua*, kana kwamba naye alikuwamo chumbani
usiku ule, na kura yake wakaipuuza.
Nikamwomba spana ya kumi na tatu. Akanipa.
Nikakaza nati, nikasema:
"Hata mimi ningemchukua Pelletier."
Akacheka. Kisha haya zikamshika,
akapanda ngazi kunipikia kahawa.

Sikumsimulia goti,
lilivyotamka neno lake moja
Jumanne moja, mechi ya arobaini na moja,
viti nusu vitupu:
sauti ndogo tu, ya kijiti kukatika.
Walinipima mabega, mruko, upana wa viganja.
Kijiti hawakukipima. Wangekipimaje?

Wala sikumwambia kwamba mshahara ule wa kwanza
ni paa la mama,
ni madirisha ya vioo viwili,
ni miaka minne ya Wabiwa chuoni hadi akawa muuguzi;
huenda ndiye aliyemchoma Bwana Gorniak sindano ya mafua.
Katika orodha yao mpya, iliyonyooka, yenye haki,
nani anamlipia Wabiwa ada?
Nitoeni pale wa tano. Sawa.
Mtoe na paa.

Kofia waliyonivika mama anayo hadi leo.
Huivaa akizoa theluji mlangoni,
imefifia, nembo haisomeki,
na kile kibandiko cha bei chini ya ukingo
hajakibandua.
Anasema huenda wakaitaka irudi.