Waliojiandikisha

Elfu nne mia moja na kumi na wawili.
Hiyo ndiyo idadi niliyoonyeshwa Machi,
na mkuu wa idara akanipigia simu kunipongeza
kana kwamba nimejifungua.

Darasa letu halina ada wala mtihani wa kuingia.
Mlango u wazi, tuliandika kwenye tangazo.
Nami nikaketi Coyhaique, kuni mbichi zikilia jikoni,
moshi wa mji mzima umelalia mabati,
nikafundisha takwimu mbele ya jicho dogo la kioo
lisilopepesa.

Wiki ya tatu, mia tatu.
Wiki ya sita, sitini na mmoja.
Mlango wazi hupitisha baridi pia,
na mlango haujui kusema karibu.
Mtu alibisha hodi, akasikia kimya, akaenda zake;
sisi tukamwandika safu ya "walioacha".
Nani alimwacha nani?

Basi nikaanza kuwaandikia usiku, mmoja mmoja,
si kuhusu wastani wala mkengeuko.
Nélida hufua mashuka ya hospitali kule Valdivia;
mikono yake, alisema, hunuka klorini hadi ndani ya chai.
Eleuterio analinda ghala Oruro,
husoma saa nane za usiku, simu kaificha ndani ya kofia
mwanga usije ukamwamsha mbwa
anayepaswa kuwa macho.
Na Zunilda wa Caazapá hakuwasha kamera wala sauti:
mama yake alilala chumba hichohicho, pumzi za kuhesabika.
Kila Jumanne aliandika neno moja:
Nipo.

Nilikuwa nimepanga alama za ushiriki,
mbili kwa swali, tatu kwa jibu.
Nikaitafutia "nipo" nafasi yake, nikakosa.
Nikafuta alama zote. Mkuu wa idara hajui hadi leo.

Jumanne moja ya Agosti, nipo haikuja.
Mimi sikuona; nilikuwa natafuta miwani.
Nélida ndiye aliyeuliza: Zunilda yuko wapi?
Somo la siku hiyo lilikuwa data inayokosekana,
naapa sikulipanga.
Hatukusoma. Tulikaa, kila mtu katika kiboksi chake,
kama majirani waliotoka madirishani
wamesikia kilio, hawajajua ni nyumba ipi.

Siku ya tisa:
Mama ametangulia. Nipo.

Mimi, mwalimu, niliandika sentensi nikaifuta, mara nne.
Eleuterio alinakili masomo yote aliyoyakosa, kwa mkono,
akapiga picha kurasa; kivuli cha kofia kimeangukia kila moja.
Nélida aliwasha kamera akaiacha hivyo,
akakunja mashuka yake mwenyewe, ya nyumbani, bila neno,
hadi saa saba,
ili kule Caazapá mtu asikeshe peke yake
na kitanda kitupu.

Hayo hayamo katika mtaala. Sikuyafundisha.
Ripoti inataka idadi ya waliomaliza: thelathini na wanane.
Nimeijaza.

Jana Zunilda aliwasha sauti kwa mara ya kwanza.
Hakusema kitu. Tulisikia mvua,
na jogoo aliyekosea saa.
Una kuku wangapi? Nélida akauliza.
Kumi na mmoja, akajibu, sauti nzito kuliko nilivyodhania.
Kisha: ngojeni,
ngojeni nikahesabu tena.